Ngeli ya Kwanza

Leo Profesa Eluned Probert amerudisha ufunguo.
Nimempa fomu, katia sahihi mahali pasipo pake,
kama ada yake, miaka thelathini na moja.
Nje, Swansea inanyeshewa ile mvua ya ubavuni
inayokuja na upepo wa ghuba
ikamkuta mtu chini ya mwavuli wake.

Nilipoajiriwa, yeye alikuwa mhadhiri wa mkataba:
koti moja, baiskeli,
na ukutani, pale wenzake wanapotundika shahada,
kadi ya baba yake ya kugongea saa.
Kiwanda cha mabati. Probert I., namba 4127.
Kuingia: saa kumi na mbili kasoro dakika mbili.
Kutoka: hapajagongwa.
Hakunisimulia. Nilielewa kwa jinsi alivyoifuta vumbi.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa.
Mwandiko wake, kuku kapita kwenye majivu.
Nilichapa mtaji, nilichapa itikadi,
nilichapa sentensi zenye mikia mirefu
hata nikasahau kichwa kiliachwa ukurasa gani.

Siku moja, mwaka wa tisini na tatu, kikombe mkononi,
akaniuliza: Mwanaidi, kwenu mnasemaje
mfumo unapomtwaa binadamu
ukamfanya cha kuhesabiwa, cha kupangwa rafuni?
Yeye alikuwa na neno la Kilatini, refu, lina kutu.
Nikageuza bahasha, nikaandika:
mtu.
Nikafuta M. Nikaweka KI.
Basi, nikamwambia, hatuna zaidi.
Inatoka herufi moja, zinaingia mbili,
na shina halijui limefanywa nini.

Chai ikapoa.
Na kurudi? akauliza.
Kurudi ni kazi, nikasema. Ila ipo U.
Ukiitia hapo mbele hupati mtu mmoja,
unapata kinachowafanya wote wawe watu.
Akaondoka na bahasha yangu. Ilikuwa na bili ya umeme ndani.

Kitabu kilitoka. Kikasomwa mpaka Oslo.
Sura ya nne nzima imesimama juu ya ile bahasha,
na mimi nimo, tanbihi ya kumi na tisa,
niliichapa kwa vidole vyangu mwenyewe:
chanzo kimoja kutoka Afrika Mashariki.
Chanzo. Kimoja.
Ngeli ya viti na vijiko.
Sikusema kitu. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Nisimsengenye. Huyu ndiye aliyesimama langoni
na wafagizi, theluji ikimjaa kwenye viatu.
Ndiye aliyekataa kujaza fomu ya saa zake,
tasnifu moja saa mbili na robo, mwanafunzi analia dakika kumi;
nilimjazia mimi, nikampa saa nyingi za kulia.
Kila Oktoba aliandika ubaoni mtu, kitu,
na watoto wa mabonde ya makaa
wakanyamaza, kila mmoja na babu yake kichwani.

Mwaka wa elfu mbili na sita likaja toleo la pili.
Akashuka ngazi na nakala za kusahihisha,
kidole kwenye tanbihi, uso hauna damu.
Mwanaidi, akasema. Miaka tisa.
Nikasema, kumi, ukihesabu na ya kuchapa.
Akaandika barua kwa wachapishaji, kurasa tatu.
Nao wakarekebisha:
"Kwa hisani ya Bwana Idi Mwana."

Yeye alilia kwa hasira.
Mimi nilicheka mpaka nikashikilia kabati la mafaili.
Wamenipa ndevu, nikamwambia,
lakini walau nimerudi ngeli ya kwanza.

Chuo hakitaajiri mwingine. Chumba kitakuwa stoo ya karatasi.
Kadi ya baba yake kaichukua, kaifunga kwa skafu yake,
na kunikumbatia hajui; kanigonga bega kwa kiwiko.
Fomu inataka niorodheshe vilivyobaki.
Kiti. Meza. Rafu nne.
Msumari mmoja, ukutani.
Nimeuandika.